Mbunge Hachukii Pesa za Mfadhili, Anachukia Macho Yanayokuja Nazo

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha kuandika kumbukumbu za warsha ya siku mbili katika hoteli moja ya Westlands, Nairobi. Mada ilikuwa jinsi kamati za Bunge zinavyoweza kuwashirikisha wananchi. Aliyelipia ukumbi alikuwa mfadhili wa ng'ambo. Mezani kulipangwa vibao 18 vya majina, kila kimoja kikianza na "Mhe.", na mbele ya kila kibao chupa ya maji, kalamu yenye nembo na peremende mbili za mnanaa. Kufikia saa tatu na nusu, vibao vinne tu ndivyo vilivyokuwa na wenyewe. Mwenyekiti aliwasili saa nne, akatoa hotuba ya kuchangamsha, tukapigwa picha ya pamoja kwenye ngazi za bustani, tukaenda chai. Tuliporudi nilihesabu upya: watatu, mmoja wao akiwa kwenye simu akitafuta gari la kusafirisha maiti hadi eneobunge lake.

Niliandika idadi hiyo kwenye daftari. Karani aliyeketi kando yangu akachungulia.

"Kaka, usiweke namba," akaninong'oneza. "Andika tu kwamba waheshimiwa walihudhuria."

Jioni karatasi ya sahihi ilikuwa imejaa kuliko ukumbi.

Kisa hiki huchekesha, na nimekisimulia mara nyingi kwa sababu hiyo. Siku hizi naona nilikuwa nikikisimulia vibaya, kama ushahidi kwamba wabunge wetu ni wavivu au hawajui thamani ya walichopewa. Yule wa gari la maiti alikuwa kazini. Mwaka wa uchaguzi ukifika, familia ile itakumbuka gari. Hakuna atakayekumbuka mwongozo wa kurasa 40 kuhusu ushirikishaji wa umma. Alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa. Mwenye hesabu mbovu alikuwa yule aliyekodi ukumbi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu kumbi zile zimepoa. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje. Machi, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likafunga shughuli zake. Tukizungumzia pigo hilo hapa Kenya huwa tunataja dawa za ARV na kliniki, na ndivyo inavyostahili. Lakini lilikuwapo fungu jingine, dogo kwa kulinganisha, la kuimarisha demokrasia: mashirika ya Marekani kama NDI, IRI na IFES pamoja na washirika wao wa hapa, mafunzo ya wahudumu wa kamati, elimu ya uraia, uangalizi wa uchaguzi. Nalo lilipigwa shoka. Rais mstaafu Uhuru Kenyatta, akizungumza Mombasa siku chache baada ya amri ile, aliwauliza waliokuwa wakilalamika wanalilia nini, ilhali ile si serikali yao, si nchi yao, wala hawailipi kodi. Video ilisambaa kama moto wa nyika.

Kwa lile fungu la demokrasia, sikusikia mbunge akililia wala akishangilia. Kimya hicho ndicho kilichonivutia. Watu wangu wa mashirika ya kijamii walikieleza kuwa ni furaha iliyofichwa. Mabalozi, nadhani, wangependa kuamini ni mshtuko. Mimi naona ni jambo la kawaida zaidi: sehemu ya msaada ule ambayo wabunge waliihitaji walikwisha kuimeza zamani na kuifanya yao, na sehemu waliyoipinga haikuwa na mtu wa kuizika.

Kwanza deni ambalo tabaka letu la kisiasa halipendi kulikumbuka. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya kwa miezi sita. Mwezi uliofuata Rais Moi aliwaambia wajumbe wa chama chake tawala, KANU, pale Kasarani kwamba vyama vingi vitaruhusiwa, na Bunge la chama kimoja likafuta kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu KANU pekee. Sisemi wazungu ndio waliotuletea vyama vingi. Waliopigwa marungu Kamukunji wakidai vyama vingi walikuwa Wakenya. Ila tusijifanye kwamba shinikizo la Paris halikuharakisha mambo. Balozi wa Marekani wa enzi hiyo, Smith Hempstone, kwa KANU alikuwa mchochezi na kwa upinzani alikuwa rafiki wa kualikwa nyumbani. Kisha upinzani ukaingia serikalini. Julai 2004, Balozi wa Uingereza Edward Clay alipolalamika kwamba ulafi wa wakubwa umefikia kiwango cha kuwatapikia wafadhili viatuni, serikali ya NARC, muungano ulioiondoa KANU madarakani, iliwaka kwa hasira. Miongoni mwa waliowaka walikuwamo waliowapigia mabalozi makofi mwaka wa 1991. Kinachobadilika ni kiti, msimamo hufuata nyuma.

Lakini mfano mzuri zaidi, ambao wafadhili husimulia nusu yake tu, ni wa mwaka wa 1999. Kabla ya hapo Bunge la Kenya lilikuwa kama idara mojawapo ya serikali. Makarani wake waliajiriwa na serikali, na bajeti yake ilipita mikononi mwa watu ambao Bunge lilipaswa kuwachunguza. Mbunge Peter Oloo Aringo ndiye aliyesukuma marekebisho ya katiba yaliyounda Tume ya Huduma za Bunge, chombo cha kuliwezesha Bunge kuajiri watu wake na kupanga fedha zake. Mara tu baada ya hapo, kwa pesa za USAID, Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, SUNY, kikaanza kazi na Bunge letu: kamati, utafiti, na baadaye ofisi ya kuchambua bajeti iliyoanza mwaka wa 2007.

Ofisi hiyo ya bajeti ndiyo mradi ambao ningeutetea mbele ya yeyote anayedai misaada hii haina maana. Zamani hotuba ya bajeti ilisomwa, mkoba ukapungwa mbele ya kamera, wabunge wakapiga meza, yakaisha. Hapakuwa na mtu Bungeni ambaye kazi yake ilikuwa kujumlisha upya. Mwaka wa 2009 palitokea tofauti ya shilingi bilioni 9.2 katika bajeti ya ziada, ikaelezwa kuwa ni makosa ya uchapaji, na nchi nzima ikajiuliza ni makosa mangapi mengine yaliyokwisha kuchapwa. Mwaka huo huo sheria ya usimamizi wa fedha ikaipa Ofisi ya Bajeti ya Bunge msingi wa kisheria. Leo inalipwa kwa kodi yetu. USAID ilipofungwa, ofisi haikutikisika.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba Tume ile ile iliyoajiri watafiti iliwafungulia wabunge mlango wa kujipangia mishahara na marupurupu, na Bunge la Tisa lilipoingia mwaka wa 2003 lilipita mlango huo mapema sana, kabla hata wapigakura hawajamaliza kusherehekea kuondoka kwa KANU. Ni watoto pacha hawa, wamezaliwa usiku mmoja. Mbunge aliyetaka uhuru kutoka Ikulu alitaka pia uhuru wa kulipwa vizuri, na kwa haki kabisa ni vigumu kuzitenganisha hamu hizo mbili, kwa kuwa mbunge maskini ndiye aliyenunulika kirahisi enzi za Moi. Ripoti za miradi huchukua picha ya pacha mmoja. Yule mwingine tulimwona Mei 2013, wanaharakati walipomwaga damu na kuachilia nguruwe kwenye lango la Bunge, wakati wabunge walipokuwa wakipigana na Tume ya Mishahara iliyowapunguzia kutoka shilingi 851,000 hadi 532,500 kwa mwezi.

Kwa hiyo nikiulizwa kwa nini mradi wa SUNY ulishika mizizi na mingine mingi ikakauka, sitajibu kwa habari za ubora wa wakufunzi. Ulikuta njaa. Wabunge walikuwa tayari wanataka nguvu dhidi ya serikali kuu, na mgeni akaleta chakula ambacho wenyeji walikwisha kukitengea sahani.

Angalia sasa kilichotokea njaa isipokuwapo. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Sidhani kuna suala lililofadhiliwa zaidi ya hilo: semina, safari za kujifunza, mikutano ya faragha Naivasha na Mombasa, vijitabu, fulana. Wabunge walikwenda. Walikula, walitoa hotuba nzuri, wengine walivaa fulana. Mswada ulihitaji kura 233 katika Bunge la Kitaifa. Februari 2019, siku ya kupiga kura, waliokuwa ukumbini walikuwa 174, na mswada ukafa kwa kukosa watu wa kuusimamisha, kama ilivyokuwa mara za nyuma. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Halikuvunjwa.

Hakuna mbunge aliyesimama kusema kwamba mswada ule ni njama ya wafadhili, au wakisema ni wachache. Hawakuhitaji. Kukaa nje kulitosha, na kwenye ripoti bado ingeandikwa kwamba waheshimiwa walihudhuria.

Kelele za uhuru wa taifa huanza pale pesa zinapokwenda kwa mtu anayemtazama mbunge. Tovuti ya Mzalendo, inayofuatilia nani amesema nini Bungeni, ilianzishwa na vijana wawili wa Kenya, Ory Okolloh na Conrad Akunga, katikati ya miaka ya 2000. Wakati huo tovuti ya Bunge lenyewe ilikuwa imezimwa baada ya baadhi ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao, elimu na kazi walizofanya, umewekwa hadharani. Fikiria hilo. Tovuti ilizimwa kwa sababu ilionyesha nani amesoma wapi, na hapakuwa na mgeni yeyote ndani ya kisa hicho. Mzalendo walipopata wafadhili baadaye, wa nje wakiwamo, lawama ilipata jina la kuvaa.

Na bado, ukiwapa wabunge nafasi ya kuzifunga kabisa pesa za nje, hawaitaki. Mwishoni mwa 2013, kesi za viongozi wa serikali katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) zikiwa motoni na mashirika ya kijamii yakiitwa vibaraka, serikali ya Jubilee ilipeleka Bungeni marekebisho ambayo yangeyazuia mashirika yasiyo ya kiserikali kupata zaidi ya asilimia 15 ya bajeti yao kutoka nje. Jirani zetu Ethiopia walikuwa wamekwisha kufanya hivyo mwaka wa 2009, asilimia 10 kwa wanaoshughulikia haki za binadamu, na sauti nyingi huko zikanyamaza. Jubilee ilikuwa na wingi wa kutosha kupitisha karibu chochote ilichotaka. Desemba 4 Bunge lilikataa.

Nimesikia watetezi wa demokrasia wakiusimulia usiku huo kama ushindi wa hoja. Labda. Mimi nadhani kila mheshimiwa alifumba macho akaliona eneobunge lake: zahanati ya shirika fulani, kisima cha jingine, vijana 50 wenye ajira ya kuhesabu watoto wenye utapiamlo. Kifungu kilichoandikwa kuwabana wanaharakati wa Nairobi kingebomoa vitu ambavyo mbunge hukata utepe. Waliopewa mradi wa kumchunguza mbunge waliokolewa na waliopewa mradi wa kuchimba vyoo.

Tangu hapo vita vimepiganwa zaidi na Ikulu kuliko Bunge. Jamhuri Dei ya 2016, Rais Kenyatta alionya kuhusu fedha za kigeni zinazoingia kwa jina la utawala bora na elimu ya uraia, na muda si mrefu bodi ya kusimamia mashirika ikaibana IFES, iliyokuwa ikiendesha mradi wa uchaguzi kwa pesa za USAID, ikidai haikuwa imesajiliwa. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana wa Gen Z ya kupinga kodi, Rais Ruto aliushutumu Wakfu wa Ford wa Marekani kwa kufadhili fujo. Wakfu ulikanusha. Uganda walikwenda mbali zaidi: mwaka wa 2021 Rais Museveni aliusimamisha DGF, mfuko wa nchi za Ulaya wa kuendeleza utawala bora, na kufikia mwisho wa 2022 mfuko ukafungwa kabisa.

Nikiri kwamba lalamiko la wabunge lina punje ya kweli, na wenzangu wa mashirika hawapendi niseme. Marekani yenyewe hairuhusu mgeni kuchangia kampeni, na tangu 1938 ina sheria ya kuwasajili wanaofanya kazi ya siasa kwa niaba ya wageni. Sheria yetu ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 nayo inakataza chama kupokea michango ya asiye raia, ila inaruhusu msaada wa kiufundi. Mlango huo mdogo ndio semina zote hupitia. Na ni kweli kwamba ripoti ya robo mwaka huandikwa kwa Kiingereza safi, hutumwa Washington au London, na mpigakura wa Mathare ambaye jina lake limo ndani kama "mnufaika" hataiona mpaka afe. Shirika linalomdai mbunge uwajibikaji huku lenyewe likiwajibika kwa mtu aliye umbali wa saa 15 za ndege linajiweka mahali pagumu, na kujibu kwamba wabunge ni wezi hakuondoi ugumu huo.

Kosa kubwa zaidi la wafadhili, hata hivyo, ni lile neno lao: kujenga uwezo. Linachukulia kwamba mbunge hajui. Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha, uliolenga kuongeza kodi, ulipopita Bungeni kwa kura 195 dhidi ya 106, uwezo ulikuwapo wote. Ofisi ya Bajeti ilikuwapo, watafiti walikuwapo, katiba yenye kifungu cha 118 kuhusu ushiriki wa umma ilikuwapo, maoni ya wananchi yalikuwa yamekusanywa. Kamati ziko wazi, vikao viko hewani moja kwa moja. Waliopiga kura ya ndiyo walijua walichokuwa wakikifanya na waliokuwa wakiwaogopa. Alasiri ile vijana waliingia ukumbini, na baadhi yao walipigwa risasi barabarani wakafa. Siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi mswada.

Elimu ya uraia ya wiki zile ilifanywa na nani? Watu walitafsiri mswada kwa lugha za nyumbani wakaurusha TikTok. Programu ya akili mnemba ilitengenezwa ya kujibu maswali kuhusu vifungu vyake. Bili za hospitali zilichangwa kwa M-Pesa. Miaka 20 na zaidi ya vijitabu vya uraia, ambavyo mimi mwenyewe nilitafsiri baadhi yake kwa malipo ya kila ukurasa, haikuwahi kuwafanya watu wengi hivyo wasome kifungu cha sheria ya kodi. Huenda vijitabu vilipanda mbegu, siwezi kusema havikupanda. Lakini Bunge lililozoea kumjibu mfadhili halikujua la kumjibu mtoto wa mtaa wa Umoja Innercore mwenye simu na bando la shilingi 20, asiye na akaunti ya kigeni ya kufungia wala kibali cha kazi cha kufutiwa.

Ndiyo maana sina machozi mengi ya kulilia fungu lile, ingawa nina marafiki waliopoteza ajira. Nina swali la bajeti. Aprili 2024 Bunge lilifungua jengo lake jipya, Bunge Tower, ghorofa 28, takriban shilingi bilioni 9.6, pesa zetu wenyewe. Lina lifti, vyumba vya kamati, ofisi kwa kila mheshimiwa anayeipata. Chombo chenye uwezo wa kusimamisha ghorofa 28 katikati ya jiji hakihitaji mtu wa Virginia kukikodishia ukumbi wa kusikilizia watu wa mtaa wa Kayole. Kikitaka kuwasikiliza, kitalipa. Kwa miaka 30 mfadhili alimwondolea mbunge aibu ya kuulizwa mbona halipi.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mkutano wa kusoma mswada, huko huko Kayole, katika ukumbi wa kanisa. Viti vya plastiki, madaha hakuna, nakala tatu za mswada zikipita mkono kwa mkono. Mbunge alituma salamu na mwakilishi, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, ambaye kitu cha kwanza alichouliza ni karatasi ya sahihi iko wapi. Hakukuwa na karatasi. Mzee mmoja wa nyuma aliinua mkono kabla hatujaanza.

"Samahani mwenyekiti, hii chai imefadhiliwa na nani?"

Akaambiwa ni ya akina mama wa kanisa, na mandazi ni shilingi kumi kila moja. Akatoa ishirini, akachukua mawili, akaketi. Tulifika kifungu cha tisa ndipo stima ikapotea.